Mama Kwenye Keria

...maji yamejaa, anasema mama, ziwa limependeza kweli, mwanangu, na mimi bado nimekamata usukani kwa mikono miwili, mguu mmoja chini, yeye amekaa upande kwenye keria ya baiskeli na kunishika shati mgongoni, maana ukiachia breki hapa juu ya mteremko wa Dirma utafika kwa Mungu kabla ya kufika Katesh ninakokaa, nilikuwa nahema tu, nangoja pumzi ili nianze maneno yangu, yale ninayowaambia wageni wakifika hapa, ule ndio mlima Hanang, chini pale ni ziwa Balangida... yamejaa? miaka mingine ziwa hukaa na maji mpaka Krismasi, lakini mwaka huu limekauka mapema, imebaki chumvi tupu, nyeupe hadi ng'ambo, watu wanakatiza katikati na punda, nawaona kutoka hapa, na mama anatazama hukohuko, uso umeelekea sawasawa, anatabasamu... labda ananitania, mama ni mtu wa utani, ndiye aliyeniuliza siku ile nampasulia kuni, hao wazungu unawazungusha na baiskeli kutwa nzima unawaonyesha nini, kuna kilima gani huku sijakipanda na mzigo kichwani, nikacheka, kweli tangu tupewe mkoa wetu wa Manyara wageni wameanza kupita huku na mimi ndiyo kazi yangu, kuwaonyesha vilima na maziwa, nikamwambia siku moja nitakuchukua na wewe, akasema basi iwe upesi, macho yasije yakakataa, maana daktari alishasema macho yana presha, yatafifia polepole, ila kila nikimuuliza ananijibu, naona vizuri tu, mbona unaniuguza... nikampelekea Shabani, fundi wa Katesh, baiskeli ya gia waliyoniachia wageni, nikamwambia nichomelee keria, akasema unaharibu baiskeli ya maana, nikasema itambeba mama, akawasha mashine yake... na leo asubuhi kule kwetu Tumati nikamtandikia kitenge akapanda kama bibi arusi, nikamsimamisha kila ninapowasimamisha wageni, tunasimama kufanya nini, kutazama mama, kutazama nini, lile bonde, ng'ombe wanashuka mtoni, akasema oo, wamenenepa kweli, kanisa lile na bati jipya, akasema linang'aa hilo... nilitangulia kusema mimi. Kila mahali nilitangulia kusema mimi, ndipo yeye akasifu, ni hapa tu nimechelewa, na yeye amesema ziwa analolijua, la siku ile alipoletwa na baba yake akiwa msichana, masika, amenisimulia mara nyingi... na Judica, Mungu wangu, Judica, binti wa kaka yake, alikuwa kando ya barabara pale Dongobesh na ndoo yake, tukapita karibu kabisa na mama hakumsalimu, mama anayemsalimu hata mlevi aliyelala, mama aliyenichapa nikiwa mdogo kwa kumpita mzee bila shikamoo, na mimi mjinga nikamtania, ee mama, umepanda baiskeli umeshavimba, akacheka, eti mtu wa baiskeli hana muda... jioni hii Judica atakuwa anawaambia watu, shangazi amenipita kama kisiki, na mama, hata kama hajui ni nani aliyempita, anajua atasemwa hivyo, amekubali aitwe mwenye maringo ili mimi nisijue, ili safari yangu isiharibike... tangu lini, mama, umepika na nani, umefika shambani kwa kushika nini... nampenda huyu mama mpaka naona aibu kulia mbele ya mbuga yote hii... mbona umenyamaza, anasema, si unawaambiaga wageni maneno hapa, na mimi niambie, na nikimwambia limekauka atajua nimejua, atakaa kimya mpaka Katesh, kesho atadai arudishwe kwake Tumati... yamejaa mpaka wapi, mama, namuuliza, na sauti yangu naisikia haijatulia, mpaka kwenye yale mawe ya ng'ambo, anasema, na ndege wale wekundu wamekaa pembeni, wengi, huwaoni? ... nawaona mama, nasema, na mbele ya chumvi ile tupu karibu niwaone kweli, mgeni wangu ndiye ananionyesha ziwa... kwato, kuna kwato zinapanda mteremko, mbuzi, na mtu nyuma yao na fimbo, na mgongoni nausikia mkono wa mama unakaza shati, amesikia mtu anakuja, hajui ni nani, anajiandaa kunyamaza tena, kumbe ndivyo alivyofanya siku nzima, na huyu ni mzee Hhando, aliyehamia Dirma, aliyefundishwa kipaimara pamoja na mama... shikamoo mzee Hhando, nasema, kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa, angali mbali, mzee Hhando wa Dirma na mbuzi wako, na ule mkono unalegea, unaachia shati, unainuka hewani, Hhando, anasema mama, hujambo wewe, bado hujafa? na mzee anacheka, Genoveva, unabebwa kama mzungu, na mimi nimekaza breki, sijasogea hata kidogo, ziwa ni jeupe vilevile, na kutoka hapa mpaka Katesh barabara ina watu wengi, wanatoka shambani, wanatoka mnadani, nawajua karibu wote, nitawataja, mmoja mmoja, kabla hatujawafikia.