Makaa Kwenye Kijani cha Madam

Jerusha hakuwa mzembe, tukubaliane hapo mapema. Ugonjwa wake ulikuwa bidii, na bidii hiyo ilikuwa imeshavunja vyombo vingi katika nyumba ya mtaa wa Al-Rawdah alikofanya kazi kuliko uzembe wa watu watatu.

Mwajiri wake, Madam Hind, alifundisha chuo kikuu na alikuwa amegeuza chumba kimoja cha nyumba yake ya Jeddah kuwa maabara. Humo aliweka kisahani cha maji yenye chembe za kioo, ndogo kuliko unga. Zikiachwa zitulie wiki mbili, zilijipanga zenyewe safu kwa safu, na mwanga ukipiga safu hizo ilitokea rangi ambayo hakuna aliyeipaka: kijani ukisimama mbele, buluu ukisogea pembeni. Alhamisi wageni wa kampuni ya mabango wangetoka Olaya, Riyadh, kuja kuitazama.

"Usiguse kitu humo," Madam alionya. "Wageni wakifurahi, ikama yako naifanya upya. Wakinuna, halas, unarudi Kenya."

Ikama, kibali chake cha kuishi na kufanya kazi Saudia, ilikuwa imebakiza siku nne. Jerusha aliwafikiria wanawe wawili, waliokuwa shuleni kwa mshahara huu.

Lakini wageni watapokelewaje bila udi? Madam mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Basi Alhamisi asubuhi akabeba chetezo, akafukiza kila pembe ya maabara, akipepea kwa moyo wote. Kaa likapasuka. Vumbi jeusi likatua kisahanini.

Jerusha aliogopa. Akafanya anachofanya kila mpika uji akiona madonge: akakoroga. Kijani kikatoweka, yakabaki maji ya kijivu. Akakimbilia mashine ya kukaushia nywele, akakausha huku akisali kwa sauti, mpaka maji yakaisha na kijani kikarudi.

Wageni walipoingia, Madam aliinua kisahani. Kijani. Akakigeuza. Kijani. Akainama akachungulia kutoka ubavuni kama anayepeleleza jirani. Kijani kilekile, wala buluu haikuonekana.

"Jerusha! Umefanya nini?"

Uongo ulimfika mdomoni ukakwama. "Madam, makaa yaliingia. Nikakoroga, nikakausha na ile ya nywele. Zile chembe zilikuwa zimepanga laini poa, nikazivuruga zote. Pole sana, madam."

Mgeni mmoja mwenye ndevu nyeupe akakinyakua kisahani. "Mabango yetu yanatazamwa kutoka kila upande! Miaka mitatu tunatafuta rangi isiyobadilika mtu akisogea."

Madam akaketi. Polepole mwalimu akaamka ndani yake. "Safu zimevurugika," akasema, "kwa hiyo hakuna upande ulio tofauti na mwingine. Vurugu peke yake ingetupa weupe wa maziwa, ila makaa yameumeza, ikabaki rangi." Akamgeukia Jerusha, macho yakimwaka. "Fanya tena. Vilevile. Yalla!"

Jerusha akatazama chetezo, akatazama wageni waliokuwa wakisubiri. Kwa mara ya kwanza tangu ashuke ndege, hakukimbia alipotumwa. Akajifuta mikono kwenye aproni, taratibu.

"Ikama kwanza, madam."

Madam Hind akafungua kompyuta, akaanza kuifanya upya.