Mtoto Aliyezaliwa kwa Ikama Yangu

Mourine alijifungua kwa ikama yangu, kile kitambulisho cha ukaazi wa Saudia, na sitaki mtu aniulize kwa nini nilimpa. Alikuwa ametoroka kwa kafili wake, tajiri aliyemdhamini, hana kibali, hana mume, na uchungu umemshikia chumbani kwetu Al-Naseem. Angeingia hospitali ya Riyadh hivyo alivyo, angetoka na pingu. Mimi nilikuwa na ikama na cheti cha ndoa. Mume wangu Danson, dereva wa nyumba ile ile niliyofanya kazi, alikuwa na gari. Picha ya ikama haikufanana na Mourine hata kidogo, lakini kwa wale watu sisi sote tuna uso mmoja. Wakaandika mama ni Jael, baba ni Danson. Wenzetu walifanya hivyo kila mara. Hata leo ningempa.

Mtoto akaitwa Ivy. Kabla mtoto hajaanza kutambaa, Mourine aliniachia akaenda Jeddah kutafuta kazi ya Ramadhani, akanaswa kwenye msako, akarudishwa Kenya moja kwa moja. Akanipigia simu akilia.

"Dada Jael, huyo sasa ni wako. Wewe Mungu hajakupa, na mimi sina pa kumweka."

Baba yake Mourine naye akakubali, mbele ya chifu, kwamba tukifika nyumbani twende mahakamani tumchukue Ivy kisheria, awe wetu kabisa. Miaka yote ya ndoa yangu nimekula maneno ya mawifi kuhusu tumbo langu. Siku hiyo nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Madam wetu, bibi mzee, alijua kila kitu akanyamaza. Ivy alijifunza kutembea akishikilia gauni lake. Shida ilianza yule bibi alipofariki. Wanawe wakasema halas, basi, nyumba inauzwa, wakatupigia final exit sote wawili, ile viza ya kuondoka bila kurudi. Ivy alikuwa na miaka mitatu na hakuwa na karatasi ya kumvusha uwanja wa ndege.

Danson akaenda ubalozini na karatasi ya hospitali. Akaambiwa siku hizi hiyo haitoshi, ikama za kuazima zimezidi. Kila mtoto wa Mkenya aliyezaliwa huku lazima apimwe mate, ile DNA, pamoja na mama yake. Maafisa wa kazi hiyo walikuwa wametoka Nairobi. Riyadh walishapita, sasa wako Jeddah. Tukapanda basi tukawafuata.

"Mama Ivy, tukifika tuseme ukweli," Danson akaniambia njiani.

"Ukweli gani? Ukweli ni nani amempangusa kamasi miaka yote hii."

"Mate hayajui mambo ya kamasi."

Nilimgeuzia mgongo, sikumsemesha mpaka Taif.

Ukumbi wa Jeddah ulijaa akina mama na watoto, wengine hawajui neno isipokuwa Kiarabu. Afisa aliyetuita aliitwa Beldina, mama mpole, mkononi ana kijiti chenye pamba. Nilikuwa nimemwona akimpangusa mtoto mwingine ndani ya shavu, kisha mama yake. Niliona wazi kwamba mate yangu mwenyewe yangenikana. Nikamwambia yote, tangu ile ikama.

Beldina akaweka kijiti chini. "Mbona hilo si gumu, mama. Si Mourine yuko hai? Apimwe huko huko nyumbani. Yakilingana, mtoto anapata karatasi, mnasafiri naye. Ya mahakama mtamalizia Kenya."

Nilitaka kumkumbatia. Danson akaniangalia kwa yale macho ya si-nilikuambia, na mara hiyo sikukasirika. Nikapiga simu pale pale, sauti nje, wote wasikie.

"Mourine, ni dada Jael."

Nyuma yake mwanamume akauliza ni nani huyo.

"Simjui," Mourine akamjibu. Kisha kwangu, "Mama, umekosea nambari."

"Nambari gani nimekosea, wewe? Ivy yuko hapa mapajani. Ni kijiti cha mate tu."

"Mimi sijawahi kuzaa," akasema, kwa adabu, kama anamjibu mgeni. "Nimeolewa juzi. Tafadhali usinivunjie nyumba."

Akakata, akazima. Nikampigia baba yake. Mzee alinisalimia vizuri, akauliza hali ya Danson, halafu akasema ng'ombe wa mahari wameshaingia bomani kwake na hapo mdomo wake umefungwa. Nikamtukana Mourine mpaka watu wakageuka, kisha nikalia. Hata kumchukia nilishindwa. Mume akijua, atamrudisha kwao na nguo alizovaa.

"Hospitali imekuandika wewe, na si wewe," Beldina akasema taratibu. "Yeye ndiye, na hayumo popote. Sasa kwenye mama niandike nini?"

"Andika Jael."

"Siwezi, mama."

Akaandika hajulikani, na bila mama hakuna karatasi ya kusafiri. Nami nimempakata mtoto, ananichezea sikio.

Kitu kimoja tu alisema anaweza: kuchukua mate ya Ivy peke yake, yahifadhiwe Nairobi hadi siku Mourine atakapojitokeza. Ivy akafungua mdomo mwenyewe. Alidhani anapewa peremende.

Maafisa wakaondoka na yale mate kwa ndege. Danson naye akarudi Kenya siku chache baadaye, muda wake wa kuondoka ukikaribia kwisha, akambembeleze Mourine ana kwa ana. Amefika kwake mara mbili, na mara zote mbili amekuta lango limefungwa.

Mimi nilikataa kupanda. Tuko Al-Naseem, kwenye chumba cha watu, na ikama yangu imeshakufa. Ivy akiuliza baba yuko wapi, namwambia anakuja. Dukani namtuma mtu, kwa maana askari wakinishika hawatanifunga. Watanipandisha ndege ya Nairobi, kiti kimoja.