Mtega Majira

...ushahidi wa maandishi, anasema mwenyekiti, mara ya tatu sasa asubuhi hii, maandishi matatu au neno linatoka kwenye kamusi, na kalamu yake nyekundu iko juu ya kadi ya "mtega majira", haishuki wala haiondoki, na mhariri anaitazama akijiambia tulia mama, usije ukatoa maneno ya kujutia, lakini jamani, maandishi gani tena, mtaa mzima ulikuwa ukilisema, kwanza aliitwa hivyo yule aliyepanda mnara wa soko kila alfajiri kuitega saa kubwa, kisha jina likahamia kwa yeyote anayefungua saa iliyokufa ikafufuka, baba yake mhariri akiwa wa mwisho, mpelekee mtega majira, akishindwa huyo katupe, ndipo wakaja wa kusema fundi saa, na leo hata fundi saa anapiga miayo kibandani kwa kuwa kila mtu ana simu, na huyu bwana, kasoma mpaka kichwa kimeota upara, anauliza limeandikwa wapi, utadhani watu huongea kwa kusoma, utadhani baba aliitwa kwa barua... "Dada, tunakusubiri," anasema mwenyekiti, haya, subiri, kwani unakimbizwa, baba na kuandika wapi na wapi, hakuandika kitu maisha yake yote, isipokuwa... ngoja... isipokuwa ndani ya mifuniko, kila saa aliyoitengeneza aliikwaruza kwa sindano upande wa ndani, tarehe, jina, na mtega majira, herufi ndogo za kuumiza macho, na yeye akiwa na miaka tisa akamcheka, nani atasoma huko ndani, na baba bila kuinua uso, "Atakayeifungua baada yangu," na saa yake mwenyewe ya mfukoni, aliyorithi kwa mwalimu wake, naye kwa mwalimu wake, mfuniko ulikuwa umejaa, watatu, kila mmoja na mwaka wake na neno lile lile, matatu, Mungu wangu, matatu, na kalamu ingali hewani, na mwenyekiti wa watu anangoja tu, hana kosa lolote, maana baada ya matanga ni yeye, binti, mhariri, aliyeipeleka saa ile kwa sonara isuguliwe, na sonara alimwonyesha mfuniko akamuuliza, hii mikwaruzo ya ndani nayo niitoe, mama, akamjibu toa yote, ing'ae.