Shuka la Udongo wa Mgodi

Maji ya beseni yalikuwa yamegeuka mekundu kwa mara ya pili mwanawe alipoingia na chupa ya chai.

"Mama! Unafua nini?"

"Shuka lako, baba. Umelitupa mezani limejaa tope kama mtu asiye na mama."

Kijana akaiweka chupa chini. Hakupiga kelele, na hapo mama akajua ameharibu.

Mgodi ulipokuwa hai, yeye ndiye aliyefua magwanda ya wachimbaji, ya marehemu mumewe yakiwamo. Ulipofungwa, mji ukafa. Sasa wachoraji na wachongaji walikuwa wamekodi majengo yale matupu, na mwanawe alipata chumba ambamo wachimbaji walibadilishia nguo. Leo ndiyo siku aliyomwalika mama aone kazi yake. Akamwacha kidogo tu, afuate chai. Lakini mikono ile haikuwahi kuona udongo ule kwenye kitambaa ikatulia.

"Hiyo ndiyo picha yenyewe, Mama. Ya mnunuzi wa kesho."

Mama akaliachia shuka majini. Picha isiponunuliwa, kijana angerudi kwenye malori ya masafa marefu, aonekane nyumbani mara moja kwa mwaka.

"Nimekufukuza mwenyewe, kwa mikono yangu."

"Ngoja kwanza. Shika huku."

Wakalikunjua dirishani, likichuruzika. Wachimbaji aliowachora kwa udongo, msururu mzima wakitoka shimoni, walikuwa wamefifia. Lakini walikuwapo, kofia nyuma ya kofia. Udongo huu ulikuwa umemla kucha miaka nenda miaka rudi, na hakuna tusi ambalo hakuutukana. Leo akaushukuru kwa ukaidi wake.

"Hautoki!" akasema, machozi na kicheko pamoja. "Shetani huyu, hajawahi kutoka!"

"Na sabuni ulitia?"

"Na brashi nikasugua."

Kijana akacheka mpaka akakaa sakafuni. "Basi mnunuzi akiuliza kama rangi itadumu, nitakuita ujibu wewe."

"Usinichokoze. Sasa inakuwaje?"

"Tunawakoleza upya." Akamsogezea ndoo ya udongo. "Huyu wa mwisho ni Baba. Anza naye."

"Mimi? Nipake tope kwenye shuka?"

"Wewe."

Akachovya kidole gumba. Akakaa nacho hewani, tone likijikusanya nchani, asijue aanzie begani au kwenye kofia.