Bwana Viatu, Mara ya Pili

Kazi yangu ni kupasua maiti, na nawaomba msikunje sura. Wapo watu wakishajua hawanipi mkono tena. Wengine wananipa, halafu wanageuka pembeni kunusa vidole vyao wakidhani sioni. Naona! Kazi yangu yote ni kuona, ndiyo maana jambo hili lililonipita mbele ya macho linaniudhi mpaka leo.

Nianze na lile la kwanza, kwa ambao hawakulisikia. Miaka mitatu iliyopita kulikuwa na mtu akiwanyonga wanawake kwa waya wa umeme ndani ya nyumba zilizoachwa bila kuezekwa. Akishaua, aliwavua viatu akavipanga kichwani pao, kisigino kwa kisigino, kama vya mgeni aliyeingia ndani kunywa chai. Magazeti yakambatiza Bwana Viatu. Aliua watatu. Wa nne akamponyoka, msichana mfupi, fundi cherehani, ambaye alimpiga kiwiko cha mbavu akakimbia pekupeku hadi barabarani.

Mimi ndiye niliyempima alama za shingo. Siku hiyo mwanangu wa kiume alikuwa ameniletea funguo nilizosahau nyumbani, akamkuta yule binti kwenye benchi nje ya ofisi yangu, akamnunulia soda. Sasa ni mke wake. Wenzao hukutana harusini au kazini, hawa wangu walikutana mlangoni mwa mochwari, na utani wa watu nimeshauchoka.

Mkwe wangu hakuuona uso wa yule mtu. Alisikia sauti tu. "Vua viatu, usilete vumbi." Nyumba yenyewe haina hata sakafu, jamani! Polisi walipomkamata fundi umeme mmoja, walimsimamisha nyuma ya pazia pamoja na wanaume wengine, kila mmoja akayasema maneno yale. Zamu ya fundi umeme ilipofika, mkwe wangu akatapika. Pamoja na waya wa aina ile ile uliokutwa kwenye begi la kazi la mtu huyo, hiyo ndiyo kesi yote. Fundi umeme akafungwa maisha.

Alikuwa na kaka yake, mtu mpole kupita kiasi, muuza miwani. Kila mara alipita ofisini kwangu na mfuko wa nailoni uliojaa karatasi za kesi. "Shikamoo, mama," anasema, kisha anakaa. "Wakili kanipa nakala yake yote niisome. Mama yetu ni mgonjwa, anamuulizia mdogo wangu kila siku." Nilimwonea huruma. Nilimpa kiti, nikamsikiliza, na moyoni nikasema mzigo wa ndugu ni mzito. Sikumficha lolote lililosemwa mahakamani, na sikumwambia lolote la zaidi.

Basi, asubuhi moja tuko jikoni, mimi na mkwe wangu. Yeye anakata vitunguu, mimi namsimanga kwamba anavikata vinene kama anakatia ng'ombe. Redio ikasema mwanamke mmoja, mhudumu wa stesheni ya mafuta, amekutwa amenyongwa katika jengo lisilokwisha. Viatu vyake vimepangwa kichwani.

Mkwe wangu aliweka kisu chini taratibu. Sikupenda ule utaratibu wake, afadhali angekirusha.

"Mama," akasema, "kwa hiyo nimemfunga mtu asiye na kosa?"

"Nani kakwambia?"

"Yule yuko jela. Huyu ameuawa jana. Hesabu gani nyingine?"

"Hesabu hizo waachie wenye kazi yao," nikamjibu kwa ukali, kwa sababu niliogopa. Simu yangu ikaanza kuita.

Sikutaka kuambiwa nimemlinda mkwe wangu kwa kisu cha serikali. Nikamwita daktari mwenzangu kutoka hospitali nyingine, tunayemwita Kobe kwa jinsi anavyofanya kazi bila haraka, apasue yeye na aandike yeye. Mimi nikasimama mwisho wa meza, mikono nyuma, kama mama mkwe anayekagua nyama jikoni kwa watu.

Marehemu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye kovu la zamani gotini. Kobe akapima alama ya waya shingoni, akachukua sampuli chini ya kucha, akaondoa utepe wa shashi uliofunga vidole gumba vya miguu, akautupa kwenye mfuko wa taka, akaendelea. Sikushtuka. Sisi kila anayelazwa pale tunamfunga vidole gumba vya miguu kwa utepe wa shashi, ile bendeji nyepesi ya vidondani, ili miguu isitanuke akikakamaa. Ni kazi ya mhudumu wetu, Mzee Pamba. Fundo lake ni la kitanzi, upande wa kushoto, wala hajawahi kulikosea. Macho yangu yalipita juu ya vidole vile kama yanavyopita juu ya kitasa cha mlango wangu mwenyewe.

"Kanyongwa kutoka nyuma, kwa waya," Kobe akasema akivua glavu. "Siwezi kusema ni mkono ule ule, wala siwezi kusema siyo. Usinikasirikie."

"Nani kakasirika?"

"Basi acha kuniangalia hivyo."

Nyumbani mambo yakaenda mrama. Wakili wa fundi umeme akapeleka maombi mahakamani, mteja wake aachiwe wakati kesi inaangaliwa upya. Redioni watu wakapiga simu mmoja baada ya mwingine, yule msichana alitafuta sifa, yule msichana alifundishwa maneno. Wateja wake wa nguo wakaanza kuja kuchukua vitambaa ambavyo havijashonwa. Mkwe wangu hakulia. Alikaa mbele ya cherehani bila kuikanyaga, ananiuliza tena na tena kama sauti ya mtu inaweza kufanana na ya mwingine. Inaweza, ndiyo. Nimwambieje, nimdanganye? Mwanangu akashinda nyumbani, hatoki, anazunguka nyuma ya kiti cha mkewe mpaka nikamwambia akae chini ananitia kizunguzungu.

Siku moja kabla ya kesi nilimkuta mpelelezi koridoni. Alikuwa mpya, aliyepeleleza kesi ya kwanza alishastaafu, na huyu alikuwa amelisoma jalada lote kwa bidii ya mgeni.

"Daktari, sina ugomvi na mkwe wako," akasema. "Lakini huyu ni yule yule. Viatu na waya, sawa, kila mtu alisoma gazetini. Ule utepe wa vidoleni je? Haujatajwa popote. Uko kwenye picha ya marehemu wa pili tu, ndani ya jalada."

"Utepe gani?"

"Wa vidole gumba. Nimeukuta pale pale kwenye jengo, kabla hatujamgusa. Hata fundo ni lile lile, kushoto."

Niligeuka nikashuka ngazi za mochwari mbio, umri huu na magoti haya, Mzee Pamba akadhani kuna moto.

"Yule wa stesheni ya mafuta, ulimfunga vidole wewe?"

"Hapana, daktari. Nilimkuta kafungwa. Nikajua ni wewe umenisaidia, nikasema leo daktari kaamka vizuri."

"Na mimi nikajua ni wewe!"

Tukatazamana. Loo, ningeweza kucheka kama nisingetaka kupiga ukuta. Watatu tulisimama juu ya miguu ile, Kobe, mimi na Mzee Pamba, na hakuna aliyeiona, kwa sababu ilikuwa imefungwa vile inavyotakiwa.

"Mfuko wa taka uko wapi?"

"Bado upo, gari la kupeleka taka tanurini halijaja."

Nikampigia mpelelezi simu aje haraka, nikamwita na Kobe. Mfuko ulifunguliwa mbele yao, utepe ukatoka, kitanzi bado kimekaa kwenye fundo kwa kuwa Kobe aliuvuta bila kuukata. Mara moja katika maisha yangu nimeufurahia uvivu wake wa kutafuta mkasi. Halafu nikaomba picha za zamani. Marehemu wa kwanza, pale alipokutwa, vidole viko wazi. Wa tatu, vidole viko wazi. Wa pili ndiye mwenye utepe. Picha yake ilikuwa ya miguu tu, ya karibu, na pembeni kabisa, kwenye ncha ya karatasi, palionekana ukingo wa chuma na tundu la kutolea maji. Ile ni meza yangu. Nikakumbuka kila kitu. Siku ile kamera ya polisi iligoma kule kwenye jengo, mpiga picha akaja kumalizia kazi kwetu, Mzee Pamba akiwa ameshamhudumia maiti.

Bwana Viatu hakuwahi kumfunga mtu vidole. Tuliomfunga ni sisi.

Mahakama ilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mkwe wangu alikaa nyuma na mume wake, ameinamisha kichwa, kajifunika mtandio kana kwamba yeye ndiye mshtakiwa. Kaka wa mfungwa alikuwa benchi la mbele, shati limepigwa pasi, mfuko wake wa nailoni mapajani. Aliponiona aliinama kidogo kunisalimu. Nikamwitikia.

Wakili alianza na mimi. "Ni kweli, daktari, kwamba shahidi mkuu wa kesi ya kwanza leo ni mkwe wako?"

"Kweli kabisa. Na ripoti ya juzi niliyemwomba aandike ni daktari mwingine, yule pale mwenye usingizi."

Watu wakacheka. Wakili hakucheka. Alikuwa mtu hodari, naye aliamini alichokisema, hilo simnyang'anyi. Akainua picha ya marehemu wa pili, kisha picha mpya ya mpelelezi.

"Utepe huu, daktari, haukuwahi kuandikwa na gazeti lolote. Mteja wangu yuko gerezani. Ni nani basi angejua kuufunga hivi, kama si muuaji mwenyewe?"

"Yeyote aliyeiona picha uliyoishika," nikasema.

Nikamweleza jaji habari ya meza, ya kamera iliyogoma, ya Mzee Pamba. Nikamwonyesha lile tundu la maji. "Mheshimiwa, kila anayelala kwetu anafungwa hivyo. Hata wewe, siku ukija, utafungwa hivyo hivyo, kitanzi kushoto." Safari hii hakuna aliyecheka. "Muuaji wa kwanza hakujua habari ya utepe. Huyu wa pili alimwiga kwa kutazama picha, akaiga na kazi yetu humo humo, hakuweza kujua ipi ni ya muuaji na ipi ni ya mochwari."

Jaji aliikaribisha picha usoni, akaisogeza mbali, akaikaribisha tena. "Picha hizi zilionyeshwa faragha," akasema polepole. "Polisi wana nakala. Mwendesha mashtaka ana nakala. Wakili, ya kwako ilikuwa kwa nani?"

Wakili alifungua mdomo kujibu. Nilimwona anafikiri, halafu nikamwona amefika, rangi ikamtoka. Shingo yake ikageuka yenyewe kuelekea benchi la mbele. Ukumbi mzima ukageuka naye.

Kaka wa mfungwa alikuwa ameukumbatia ule mfuko kwa mikono miwili. Hakukimbia. Akamtazama mdogo wake kizimbani, na fundi umeme akamtazama yeye, kisha akatikisa kichwa, kama mtu aliyeudhika kwa kazi iliyofanywa vibaya. Hapo ndipo nilipojua kwamba hatukumfunga mtu asiye na kosa. Kwa miaka mitatu yule bwana alikana, na sasa akajisahau akamhukumu kaka yake kifundi.

Kabla ya jioni kaka mtu alishasema yote. Nyumbani kwake walikuta shashi iliyobaki na waya. Yule mwanamke alimfahamu, ndiye aliyekuwa akimjazia mafuta kwenye pikipiki. Alimwambia polisi kwamba alitaka mdogo wake arudi nyumbani kabla mama yao hajafa, basi. Nilimpa kiti mtu yule! Nimekitoa kiti chenyewe ofisini, najua ni upuuzi, na nimekitoa.

Maombi yakatupwa. Mwanangu alimbeba mkewe juu mbele ya mahakama, nami nikasema msitutie aibu, huku nalia. Nilidhani tumemaliza. Wateja wangerudi na vitambaa vyao, na ndivyo walivyofanya, wengine bila hata kuomba radhi.

Lakini asubuhi iliyofuata mkwe wangu alikuja mochwari. Tangu siku ya lile benchi alikuwa hajawahi kukanyaga pale. Alivaa nguo nyeusi, na mkononi alikuwa na kitu alichokifunga kwenye khanga. Ndugu wa marehemu walikuwa nje, wanasubiri kumchukua.

"Nataka kumwona," akasema.

"Ya nini mwanangu? Hukumjua."

"Huyu ameuawa ili mimi nionekane mwongo, mama. Nitaachaje kumwona?"

Nikamfungulia mlango.

Mzee Pamba alikuwa anamaliza kumwandaa. Kwa mazoea alishakata utepe wa shashi, ameshaushika juu ya vidole. Akatuona. Mkono wake ukasimama hewani, halafu akaukunja ule utepe akautia mfukoni mwa koti lake. Mguu mmoja wa marehemu ukalala upande.

Mkwe wangu akafungua khanga. Ndani mlikuwa na viatu vyake vya harusi, vyeupe, alivyovivaa mara moja tu. Viatu vya marehemu mwenyewe viko polisi, ni ushahidi, havitarudi leo wala kesho. Akapiga magoti kwenye sakafu yetu yenye maji, akamvisha mguu wa kulia, akamvisha na wa kushoto, akavifunga kamba zake pole pole.

Vilikuwa vikubwa kidogo. Mzee Pamba akavivua tena, akatia pamba kwa mbele, vikamkaa.