Mcheshi wa Bima ya Tulizo

Saadia alikalia ukingo wa kiti, kama mtu anayetarajia kunyanyuliwa wakati wowote. Hii ilikuwa siku yake ya kwanza kutoka nje baada ya miezi minne na siku kumi ya eda. Njia nzima kutoka kwao Kibokoni jua lilikuwa likimwumiza macho, hata akatembea ameushika mkono wa jirani yake, Mwanakuu, kwa nguvu. Sasa wamefika. Ofisi ya Bima ya Tulizo ilikuwa ghorofa ya pili, imejaa watu na baridi ya mashine. Mapajani Saadia alikuwa na bahasha yenye cheti cha kifo cha mumewe, kibali cha mazishi, kitambulisho chake, na barua ya mwenye nyumba iliyompa mpaka Ijumaa alipe kodi au ahame.

"Wamefika namba ngapi?" aliuliza.

"Arubaini na moja. Wewe ni hamsini na sita." Mwanakuu alimtazama. "Kaa kitako sawasawa, dadangu. Hicho kiti hakidai kodi."

Saadia alicheka kidogo ndani ya buibui. Mwanakuu alijuta kuutia mzaha ule.

Juu ya kaunta palitundikwa televisheni, na kila baada ya dakika chache tangazo lile lile lilirudi. Ndani yake yumo Mwanakuu mwenyewe, amejifunga leso nyekundu, anakaanga viazi karai kando ya bahari, pale Mama Ngina. Anakuja bwana mmoja mwenye tumbo, anajigamba kwamba yeye hana haja na bima, pesa zake huzihifadhi ndani ya mkebe wa maziwa chini ya kitanda. Akateleza kwenye maganda ya viazi, miguu ikaelekea mawinguni, mkebe ukabingirika ukaangukia baharini. Mwanakuu wa kwenye televisheni akageuka akawatazama watu: "Haya! Sasa kamwambie samaki akulipie hospitali."

Watu waliokuwa kwenye viti wakacheka. Hapo ndipo muziki ulipolegea, na yule Mwanakuu akaketi kando ya bwana, sauti ikashuka ikawa kama ya dada mkubwa. Shilingi ishirini tu kwa siku, alisema. Bei ya viazi viwili. "Na Mungu akimtanguliza bwanako, wewe kaa edani utulie. Tulizo itakufuata mpaka kitandani, na chai ya tangawizi mkononi." Mwisho kabisa sauti ya mwanamume ilipita mbio, kama inayofukuzwa, ikisema habari ya vigezo na masharti.

"Si yule pale?" mzee mmoja alisema, akimnyooshea Mwanakuu mkongojo. "Ndiye! Bi Mwanakuu wa viazi! Hebu tutilie moja hapa, foleni isogee."

Mwanakuu aliinua mkono, akatabasamu kwa mazoea. Saadia hakugeuka kutazama televisheni. Maneno yale aliyajua yote. Mumewe, Awadh, alikuwa akiyaigiza kila jioni akirudi kutoka bandari ya Kilindini, anavua viatu huku anabana sauti kama Mwanakuu, mpaka watoto wanagaagaa chini kwa kicheko. Alijiunga wiki ile ile tangazo lilipotoka. Kila alfajiri alituma shilingi ishirini kwa simu, hata siku alizorudi bila kupata kibarua. Kisha siku moja mnyororo ulikatika bandarini, na kabla ya magharibi Awadh alikuwa amezikwa.

Kakake Saadia alitaka kwenda kuulizia bima wiki ile ile. Saadia akamzuia. Usijisumbue, alimwambia, Mwanakuu kasema wao wenyewe huja. Akaingia edani. Na kila Jumatatu alimwagiza bintiye Hanin afagie ngazi, watu wa Tulizo wasije wakakuta uchafu.

Hilo la ngazi Mwanakuu alilisikia jana tu, alipokwenda kumpa mwenzake mkono wa kumaliza eda. Alirudi kwake bila kumaliza kahawa.

Namba hamsini na sita iliitwa.

Msichana wa kaunta aliitwa Zahida. Alikuwa mtoto wa mjini, mwenye adabu zake. Aliwaamkia, akamwombea marehemu rehema, akapokea karatasi kwa mikono miwili. Kisha akaanza kubonyeza, na kadiri alivyobonyeza ndivyo uso wake ulivyofunga.

"Mama, siku ngapi tangu afariki?"

"Mia na thelathini."

"Dai hufunguliwa ndani ya siku tisini. Mwenye kudai afike mwenyewe, aweke kidole hapa." Alionyesha kidude cheusi chenye taa ya kijani.

"Nilikuwa edani, mwanangu."

"Naelewa. Nyanyangu alikaa eda yake hata dirishani hakuchungulia." Zahida alishusha sauti. "Lakini hii mashine haina pahali pa kuandika eda. Nikiandika mia na thelathini, yafunga yenyewe. Hebu angalia."

Akageuza kioo. Mstari mwekundu. Saadia, ambaye hakujua kusoma maandishi ya kompyuta, aliutazama ule wekundu kwa heshima, kama anayeonyeshwa picha ya mgonjwa.

"Nilipiga simu," alisema. "Ikawa yaimba muziki tu."

"Pole, mama."

"Na tangazo lilisema mtakuja. Lilisema nikae."

Zahida ndipo alipoinua macho kumtazama aliyesimama nyuma ya Saadia. Alimtambua, akasita, akashika simu ya mezani akasema maneno mawili. "Bi Mwanakuu," alisema, "Bwana Samuel amekutafuta wiki nzima. Yuwataka uingie ndani kidogo. Peke yako."

"Nenda, shoga," Saadia alisema, macho yamemchangamka. "Wewe wakujua. Wewe zungumza nao."

Chumba kilikuwa cha vioo vitupu, kiasi kwamba kutoka ndani Mwanakuu aliweza kumwona Saadia akirudi kwenye kiti chake. Samuel, ofisa wa matangazo, alisimama kumlaki. Kando yake alikaa wakili wa kampuni, mwanamke mwenye miwani, na nyuma ya kamera iliyosimamishwa kwa miguu mitatu alikuwapo kijana mpiga picha, yule yule wa Mama Ngina.

"Nyota yetu!" Samuel alisema. "Kaa, kaa. Unajua tangazo lako limeleta watu wangapi? Nairobi walituma matangazo matatu huku Pwani, hakuna aliyejiunga. Wewe umesimama na karai lako, mji wote umekuja. Mimi huwaambia, mtu akicheka mikono yake hulegea. Ikishalegea, chochote utakachomwekea atakipokea."

"Mwenzangu yuko nje, Bwana Samuel. Mumewe kafa bandarini, wasema kachelewa."

"Ndiyo, ndiyo. Tunakuja hapo." Alimsukumia karatasi moja mezani. "Wajane kumi na mmoja wa kisiwa hiki wamefika hapa na maneno yale yale. Kukaa eda, kufuatwa kitandani, chai. Sasa, maneno hayo hayakuwamo katika maandishi tuliyokupa."

Mwanakuu aliikumbuka siku ile. Maneno waliyokuja nayo kutoka Nairobi yalikuwa makavu kama zoezi la darasani, na Samuel mwenyewe, jasho likimtoka, alimwambia atie chumvi ya kwao. Akaitia. Ilimtoka tu, kama zinavyomtoka zote akiwa mbele ya karai. Watu wa kamera wakaanguka kwa kicheko, naye akaona raha ambayo hakuwa ameionja tangu ujana wake: raha ya kusikilizwa na wenye pesa.

"Nyinyi mlinambia nitie," alisema. "Mkanirudisha mara saba."

"Sikatai. Lakini aliyeyatunga nani?"

Mwanakuu alijua jibu. Aliyatunga yeye.

"Basi hicho tu ndicho tunachokitaka," wakili alisema kwa upole. "Useme mbele ya kamera, kama ilivyoandikwa hapo, kwamba maneno ya eda uliyatunga mwenyewe, kwa mzaha, bila idhini ya kampuni. Dakika moja."

"Na tangazo la pili ni lako," Samuel aliongeza. "Na kile kibanda cha Mama Ngina unaendelea nacho."

"Na nisiposema?"

Samuel alimtazama wakili. Wakili akaipanga kalamu yake sambamba na karatasi.

"Kibanda ni mali ya kampuni, mama. Na kibali cha kaunti kina jina la kampuni. Hatupendi kufika huko."

Kabla ya kibanda, Mwanakuu alikuwa akikaangia chini, ukutani. Mara tatu askari wa kaunti walimpindulia karai, na mara ya tatu mafuta yalimshuka mguuni. Tangu apewe kibanda chenye rangi za Tulizo hawajamgusa. Hupita, humsalimia, hununua viazi, na wengine hulipa.

"Na Saadia?" aliuliza.

"Saadia nani?"

"Yule pale, mwenye bahasha."

Samuel aligeuka kutazama nje, akarudi. "Dai lake limepitwa na wakati. Hilo ni jambo jingine."

"Ni jambo moja. Kakaa ndani kwa kunisikiliza mimi."

"Bi Mwanakuu, lile lilikuwa tangazo. Mtu mzima anajua mzaha ni mzaha."

"Na zile ishirini ishirini za Awadh, mlizipokea kwa mzaha?"

Mpiga picha aliguna, akaziba mdomo. Samuel alicheka waziwazi. "Mnaona? Ndiyo sababu tunampenda huyu mama."

Taa ya kamera ikawaka. Mwanakuu aliishika karatasi kwa mikono yote miwili. "Mimi, Mwanakuu..." alianza. Akainua macho. Nje ya kioo Saadia alikuwa akimnyooshea mtoto wa mtu kofia iliyoanguka. Alionekana amekonda, mwepesi, kama nguo iliyobaki kambani siku nyingi.

Aliiweka karatasi mezani kifudifudi.

"Sisomi," alisema. "Nasema. Maneno ni yangu. Lakini wewe Samuel ulicheka! Ulicheka mpaka ukaegemea karai langu, suruali ikaungua matakoni, ukarudi hotelini umejifunga leso yangu. Na leso hukuirudisha!"

Mpiga picha alianza kutetemeka nyuma ya kamera.

"Mkanambia rudia. Nikarudia. Mara saba! Viazi vikawa makaa, na hivyo viazi hamjavilipa mpaka leo. Mlijua hamwendi kwa mtu. Mwanamke mwenzangu kafagiza ngazi miezi minne akiwangoja nyinyi. Ngazi ya ghorofa tatu! Mlikuwa mwaja na nini? Mlikuwa na hiyo chai?"

Sasa wakili naye alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanamcheza. Alivua miwani, akajifuta macho.

"Msicheke!" Mwanakuu alipiga meza. "Nawaambia mtu kafa! Watu wafukuzwa nyumba!"

Lakini sauti ilipanda kama inavyopanda kila anapogombana na mteja, ikakatika pale pale inapokatikia siku zote, na mkono wake uliruka juu bila kuambiwa. Ilikuwa ndiyo sauti waliyomlipia. Aliisikia mwenyewe. Alijaribu kuishusha, aseme taratibu kama watu wanavyosema misibani, ikatoka nyembamba, ya kubanwa, nao wakazidi. Samuel alikuwa ameshika ukingo wa meza, machozi yanamtiririka.

"Usizime," alimwambia mpiga picha, akihema. "Usizime hata kidogo. Bi Mwanakuu, tafadhali. Hapo pa ngazi. Hapo pa ngazi parudie, polepole, na utazame kamera."

Mwanakuu hakuitazama kamera. Alitazama nje.

Kule upande wa pili wa kioo, ambako hakuna sauti iliyopita, Saadia alikuwa amesimama. Aliwaona wakubwa wa kampuni wakicheka pamoja na jirani yake. Aliinua viganja mbele ya kifua, midomo ikamchezacheza, akajipangusa uso kama aliyejibiwa dua. Kisha akatengeneza buibui lake, akatabasamu, akaanza kuuendea mlango wa chumba kile.