Insha ya Marehemu Wilfi

Jumatatu moja ya mwaka 1977, baada ya alasiri, wanawake wa kisomo cha watu wazima mjini Ibra, Omani, walikuwa wakichonga penseli, Mwingereza aliyekufa akaingia akaomba kiti. Bi Kaltham alivuta ushungi, kisha akasikia kuwa mtu mwenyewe amefariki tangu mwaka hamsini na moja, akaendelea kuchonga. Mwalimu Fakhriya akamwandika kwenye daftari la mahudhurio: Wilfi.

Baina ya vita vikuu viwili alicheza raga ya ligi, ile ya watu kumi na watatu. Mtihani wa insha ya Kiarabu ulikuwa wiki ile, mada "Maisha Yangu", na mwenye kufaulu angepandishwa darasa la nne. Rahila, mwanafunzi aliyehamia kutoka Tanganyika, aliwekwa karibu naye kwa kuwa alijua Kiingereza cha Mwanza, maneno thelathini hivi, ingawa aibu ilimzuia kutumia ishirini. Lakini wafu husema taratibu.

"Kwetu mpira haurushwi mbele," Wilfi alieleza. "Unaurusha nyuma, ndipo mnasogea."

"Basi mimi bingwa," Rahila akanong'ona. "Mwanza nilifika la tano. Hapa nimetiwa la kwanza."

"Bingwa, niazime kifutio," akasema Bi Kaltham.

Wilfi hakujua hata alifu, kwa hiyo Rahila akamwandikia: misimu kumi na minne akikimbia pembeni mwa uwanja, siku za kazi shimoni akichimba makaa, pua iliyovunjika mara mbili upande uleule, meli ya Australia, goti lililomstaafisha. Khati ya Kiarabu ya Rahila, aliyofunzwa chuoni, ilikuwa nzuri mno. Lugha ilikuwa Kiswahili, maana Kiarabu chake kiliishia kwenye salamu. Kisha akaandika na insha yake mwenyewe, kwa herufi zilezile na Kiswahili kilekile.

Mkaguzi akaja kutoka Maskati. Alisoma ya Wilfi midomo ikicheza, asielewe neno.

"Mashallah. Kiarabu fasaha cha kale hiki. Tazameni Mwingereza alivyojitahidi."

Akachukua ya Rahila, akamtazama mwenyewe kabla ya karatasi.

"Hiki Kiswahili. Nyinyi Wazinjibari, hamtaki kujifunza?"

Rahila hakuwahi kuiona Unguja hata kwa mbali, ila hapo kila aliyetoka Afrika Mashariki aliitwa Mzinjibari, yaani mtu wa Unguja. Maneno ya kujitetea yalimjia yote, yamepangika vizuri, mkaguzi alipokwisha kuondoka na gari lake.

Wilfi akapandishwa la nne. Cheti kilikuja kitupu, Rahila akaombwa ajaze jina la Wilfi. Aliandika polepole, asikosee hata nukta.

"Kwa khati hii ungepata ukarani leo hii," mwalimu Fakhriya alisema. "Tatizo lako huna cheti."

Rahila akakubali kuwa hilo kweli ni tatizo, akapuliza wino ukauke.